Alikuwa Anafuta Jasho

Gisenyi, 12 Mei 2024

Shangazi yangu mpendwa,

Asalaam aleykum. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe, baba watoto na watoto wote. Huku kwetu tuko salama. Mama anakusalimia, baba naye anakusalimia, ni goti lake tu linalomsumbua baridi ikishuka. Kamera ilifika. Dereva Hakimu aliipakata toka Kahama mpaka hapa kama mtoto wa kuazima, hakutaka hata iguse magunia ya mchele.

Ulisema nikuandikie kwa sababu kwenye simu nakuwa bubu. Ni kweli. Kwenye simu nasema ndiyo, ndiyo, sawa, halafu nikishakata ndipo maneno yote yanakuja. Bon, hapa hakuna wa kunikatiza, na Hakimu amesema kila akipita na lori lake atabeba.

Nimekasirika, shangazi. Nimeikasirikia kamera yako.

Kuna fundi wa nguo hapa karibu na soko, anaitwa Pulchérie, ndiye anayenishonea sare. Alihamia ukiwa umeshaolewa huko. Mguu wake wa kushoto ulikatwa juu ya goti baada ya ajali ya pikipiki. Jioni anacheza voliboli ya kukaa na akina mama wenzake, kwenye ukumbi ulio juu ya barabara ya ziwani. Wavu uko chini, kifuani mwa mtu aliyesimama haufiki. Wanakaa sakafuni na kujisukuma kwa mikono. Miguu ya bandia wanaivua, wanaipanga ukutani kama viatu mlangoni pa msikiti. Aliposikia nina kamera akasema, "Kuja utupige picha, sisi hatuna hata moja nzuri."

Nilifikiri mtu akikaa atakuwa wa polepole. Yewe, shangazi. Mpira unarudi kabla hujajua umeenda. Viganja vinapiga sakafu pa, pa, pa, mtu alikuwa kulia yuko kushoto. Na anayepiga mpira haruhusiwi kunyanyua makalio, akinyanyua anapulizwa filimbi. Nilipiga picha mpaka kidole kikauma. Nyumbani nikazifungua: hamna watu. Iko ukungu umevaa jezi. Iko mkono wenye vidole kama chanuo. Pulchérie kwenye picha zangu zote ni kivuli, na yeye ni mtu mzito kabisa.

Halafu niliwasha flashi. Mwamuzi ni mama mmoja anaitwa Jolly, alirudi kutoka Uganda, anavaa filimbi shingoni hata akienda kununua ndizi. Alisimamisha mchezo akauliza nani amewasha radi machoni mwa wachezaji wake. Ukumbi mzima ukanigeukia. Nilienda nikasimama nyuma ya mlango mpaka mwisho.

Kamera yako imezoea maharusi, imezoea watu wanaosubiri. Nifanye nini?

Ni mimi mtoto wa kaka yako,
Yasmina


Kahama, 26 Mei 2024

Mwanangu Yasmina,

Waaleykum salaam. Sisi wazima, tunakula na kulala, tumshukuru Mungu. Barua yako niliisoma bibi harusi akiwa kwenye kiti anangoja kupigwa picha, nikacheka mpaka akadhani namcheka yeye. Ilibidi nimsomee kipande cha radi ndipo akatulia.

Kamera haina kosa, mwanangu. Umeiacha ijichagulie, na kamera ikijichagulia mahali penye mwanga hafifu hufumbua jicho polepole, mtu anapita humo humo. Shata, yaani kasi ya hilo jicho, iweke mia tano au zaidi. Mfuko wa pembeni una lenzi fupi, ile ya hamsini isiyozuumu, ifunge hiyo na uifungue mpaka mwisho. Kisha pandisha ISO mpaka picha ipate mwanga. Itatoka na chengachenga. Chenga zinavumilika, ukungu hauvumiliki. Na usiukimbize mpira, hutaupata. Lenga mahali ambapo mtu atafika, umngoje hapo. Flashi usiiguse tena, huyo mama wa filimbi ana haki.

Kama hayo yanakushinda kwa sasa, wapige wakipumzika. Mimi ngoma ikinoga na watu wakianza kukunja nyuso, kamera naishusha, nakunywa maji. Uso uliotulia ndio picha. Uso uliokunjamana unafutwa kabla mwenyewe hajauona, maana hakuna mteja aliyewahi kunishukuru kwa kumwonyesha meno ya ndani.

Na ukimaliza, picha zote mkabidhi mwenye shughuli. Ndiye aliyekuita, ndiye anayechagua ipi itundikwe na ipi ifichwe. Huo ndio utaratibu wetu wapiga picha wa maharusi, nimekaa nao miaka yote hii. Ukiushika hutagombana na mtu.

Msalimie kaka yangu. Goti alifunge kitambaa cha sufu, aache ubishi.

Shangazi yako,
Kaltumu


Gisenyi, 16 Juni 2024

Shangazi mpendwa,

Idd mubarak kwako na kwa wote wa nyumbani. Sisi tumeswali, tumekula, nyumba inanukia pilau mpaka kwa jirani. Natumaini mko wazima. Goti la baba limefungwa sufu, amekataa kusema kama limepona, donc limepona.

Nina furaha leo, basi barua itakuwa fupi.

Nilifanya kama ulivyosema. Shata mia tano, lenzi fupi, ISO juu. Za mchezo bado zinanishinda, nakata watu vichwa, au mpira umeshaondoka na mtu anatazama hewa. Lakini za kupumzika zimetoka, shangazi. Zimetoka kabisa, unaona mpaka uzi wa jezi. Nakiri kwako tu: nawapenda wakipumzika kwa sababu mtu aliyepumzika hanikimbii, na mimi sihitaji kusogea katikati ya watu.

Moja ni ya Pulchérie mwisho wa seti. Amekaa peke yake ukutani, taulo usoni, mguu wake wa bandia umeegemezwa pembeni, na mwanga wa dirisha la juu umemwangukia begani. Mwenye shughuli aliipenda hiyo kuliko zote. Anaitwa Rugwiro, ni mratibu wa mradi unaoisaidia timu. Funguo za ukumbi anazo yeye, jezi zinatoka kwake, maji ya kunywa yanatoka kwake. Aliniomba zote kwenye flashi disk nikampa zote. Aliitazama ile kwa muda mrefu, akasema hii itawekwa kwenye bango kubwa.

Nilisema asante. Nikarudi nyumbani nikitembea haraka bila sababu.

Ni mimi,
Yasmina wako


Gisenyi, 7 Julai 2024

Shangazi,

Salamu nyingi. Afya tunayo, natumaini nanyi mnayo. Amani sina.

Bango limetundikwa barabara ya kwenda mpakani, mahali ambapo kila anayevuka kwenda Goma na kila anayerudi lazima aone. Ni refu kuliko nyumba yetu. Ni Pulchérie na taulo lake, na mguu pembeni. Juu yake wameandika kwa Kinyarwanda na Kingereza. Nikikuwekea kwa Kiswahili ni hivi: Usimwache alie peke yake.

Hakuwa analia. Mimi nilikuwepo, nilikuwa na jicho kwenye kamera. Alikuwa anafuta jasho.

Nilikaa nikisema labda hataliona. Mjinga mimi, mji wote unapita pale. Jumanne alikuja kwetu. Mama alimletea kiti, akakataa, akasema mguu alioununua ni wa kusimamia. Mama akatoka kuchemsha chai ambayo hakuna aliyeiomba. Pulchérie akanitazama.

"Yasmina, siku ile mi nilikuwa nalia?"

Nikasema hapana.

"Nilikuwa nafanya nini?"

Nikasema anafuta jasho.

"Tulikuwa tumeshinda seti. Lile ni jasho la kushinda." Hakupandisha sauti, shangazi, ningependa angepandisha. "Sasa mutu anakuja kwangu na kitambaa. Anaangalia mi, anakumbuka bango. Anaweka sarafu juu ya mashine yangu, halafu anaenda na kitambaa chake kwa fundi mwingine. Ananihurumia sana, lakini suruali yake hataki niishone."

Nikamsogezea kile kiti alichokataa.

"Usikuje tena kule ukumbini," akasema. Chai ilipofika alikuwa ameshashuka ngazi.

Siku ya pili nilienda ofisini kwa Rugwiro. Njia nzima nilipanga maneno, nikayarudia kama sura ninayokwenda kuisoma mbele ya ustaadhi. Alinipa soda. Alikuwa mwema sana, na ndicho kinachonichoma. Anachanganya Kingereza na Kiswahili, anacheka katikati. Alisema picha ile inafungua mioyo na mifuko, kwamba wageni wa mradi wameandika kuisifu, kwamba mtu akicheka kwenye picha hakuna anayemsaidia. Nikasema moyoni: nani amekuambia anataka kusaidiwa, anataka kushona na kucheza. Moyoni tu. Akaniuliza kama soda ni baridi ya kutosha. Nikasema asante. Nikatoka. Hilo ndilo neno pekee nililolisema mle ndani, shangazi, nilimshukuru.

Shuleni nina Kingereza na nina Kinyarwanda, na kote napata alama nzuri. Hasira hii inakuja kwa Kiswahili cha nyumbani, na Kiswahili cha nyumbani nilifundishwa nacho kuamkia wakubwa. Sijui niiweke wapi.

Uliniambia nikimkabidhi mwenye shughuli sitagombana na mtu. Nimegombana na mtu. Niambie nilikosea wapi.

Yasmina


Kahama, 21 Julai 2024

Mwanangu,

Waaleykum salaam. Tuko wazima, mdogo wenu tu alikuwa na mafua, yamekwisha.

Hukukosea popote. Uliitwa kwenye shughuli, ulipiga, ulikabidhi. Aliyegharimia ndiye mwenye kuchagua. Hata mimi nimewahi kuona bi harusi hapendi picha ambayo mama mkwe ameitundika sebuleni, na sikuingilia, kwa sababu ningeingilia mara moja nisingeitwa tena mji huu. Huyo fundi amekasirika, na ana haki ya kukasirika, lakini hasira yake ni kati yake na mradi. Wewe ni mpiga picha, hukuandika yale maneno.

Kama una la kudai, dai jina lako liandikwe pembeni mwa bango. Hilo hawakulifanya na ni dharau.

Wewe bado ni mwanafunzi. Usiende kubishana na watu wazima kwenye maofisi. Acha lipite, mabango hupauka.

Shangazi yako,
Kaltumu


Gisenyi, 11 Agosti 2024

Shangazi mpendwa,

Asalaam aleykum. Nakuamkia, na namuombea mdogo wetu asirudiwe na mafua. Sisi wazima.

Barua yako niliisoma, nikaikunja, nikaisoma tena. Sijawahi kukubishia maishani mwangu. Kwenye simu nisingeweza, ningesema ndiyo. Kwa hiyo nabisha hapa, na ukiona ni utovu wa adabu uichane.

Jina langu sitaki liandikwe pale. Ningependa hata picha isingekuwa yangu. Unasema mwenye shughuli ni aliyegharimia. Lakini kwenye harusi mwenye kugharimia hauambii mji mzima kwamba bi harusi ni maskini wa kuokotwa. Na ile shughuli ni ya nani, shangazi? Rugwiro hachezi. Akikaa sakafuni hawezi hata kusogea, nimemwona akijaribu mbele ya wageni, walimcheka. Jasho si lake. Nilikabidhi kitu cha mtu kwa mtu mwingine, na utaratibu wako ndio ulioniambia nafanya vizuri. Mabango hupauka, ndiyo. Wateja wa Pulchérie je, watarudi likishapauka?

Basi. Nimesema.

Nilienda kwake. Sikuenda na maneno, maneno sina. Nilikaa kwenye benchi la wateja, nikamwokotea vipande vya vitambaa chini. Sarafu iko palepale pembeni mwa mashine, hajaigusa, anaizungushia kazi yake kama mtu anavyokwepa kinyesi cha kuku. Hakuniongelesha. Nikarudi kesho yake. Nikarudi tena. Mwishoni akasema, bila kuacha kushona, "Ulinipiga nikiwa nimekaa kimya kwa sababu ni rahisi. Si ndiyo?"

Nikasema ndiyo.

"Donc ulikuwa muvivu."

Nikasema nilikuwa na woga.

Akakata uzi kwa meno. "Woga tutaona. Kuja leo jioni. Ukileta tena picha ya mutu amepumzika, kamera yako nitaishonea ndani ya gunia."

Nilifikiri atanionyesha pa kusimama. Alinivua viatu akanikalisha uwanjani. Akasema siwezi kuwapiga picha kabla sijaijua sakafu. Shangazi, viganja vyangu viliwaka. Mpira ulinipiga pua, Jolly akapuliza filimbi akasema pua hairuhusiwi kupokea, wakacheka wote, nami nikacheka, na damu kidogo. Lakini nikiwa kule chini niliona kitu ambacho sikukiona nilipokuwa nimesimama. Kabla Pulchérie hajapiga, mkono wake wa kushoto unashuka, unabandika sakafu wote, vidole vimetanuka. Kila mara. Nilikuwa natazama mpira wakati habari yote iko kwenye ule mkono.

Sasa nakaa chini, pembeni mwa nguzo ya wavu, magoti yamekunjwa. Nalenga utepe wa juu wa wavu, fokasi naifunga hapo, na sitazami mpira kabisa. Nangoja mkono. Ukibandika sakafu nabonyeza. Shata nimeipandisha hadi mia nane, chenga zimejaa kama mchanga, sijali. Nyingi bado ni mbovu. Bega la mtu, wavu mtupu, mara moja sikio la Jolly.

Halafu ikaja moja. Iko humu kwenye bahasha. Pulchérie amesema nikutumie wewe tu, ili uone.

Mpira umebonyea kwenye kiganja chake. Mkono wa kushoto umeshika ardhi. Mdomo umefunguka wote, unaona mpaka meno ya ndani, shingo imetoa mishipa, jicho moja limefumba nusu. Kwa utaratibu wako ningeifuta, na kidole changu kilikuwa tayari juu ya kitufe. Nilimwonyesha kwanza. Ndiyo kitu nilichojifunza, kumwonyesha kwanza. Aliivuta kamera karibu na macho. Kisha akasema, "Huyu namujua."

Ungeifuta?

Bango bado liko barabarani.

Mtoto wa kaka yako, anayekuheshimu hata leo,
Yasmina


Gisenyi, 8 Septemba 2024

Shangazi,

Asalaam aleykum. Natumaini mko wazima kweli, maana Hakimu amepita mara ya kwanza mikono mitupu, amepita mara ya pili mikono mitupu. Namuuliza, anasema uliipokea bahasha, uliifungua dukani ukiwa umesimama, ukaingia ndani hukutoka. Kama nimekukosea, baba yuko, mwambie yeye aniseme. Usinyamaze. Mimi najua kunyamaza kulivyo, ni kazi yangu.

Lakini lazima nikusimulie ya Jumamosi, hata kama husomi.

Ilikuwa mechi ya kirafiki, na wageni wa mradi walikuja kutazama, wameketi kwenye viti vyenye vitambaa. Rugwiro akafanya nini? Akaliteremsha bango barabarani akalileta ndani. Akalitundika ukutani nyuma ya meza ya mwamuzi. Yaani Pulchérie acheze akijitazama analia.

Akina mama waliingia, wakavua miguu, wakaipanga ukutani kama kawaida. Wakajisukuma mpaka mahali pao. Jolly akapuliza. Hakuna aliyeanzisha. Akapuliza tena. Pulchérie ameweka mpira mapajani, ameukumbatia, anatazama wavu. Timu ngeni nao wakaelewa, wakaweka mikono chini. Shangazi, hujawahi kusikia ukumbi ule bila viganja. Unasikia taa zinavyolia.

Rugwiro hakwenda kwa Pulchérie, anamwogopa. Alikuja kwangu, pale chini penye nguzo, akachuchumaa akitabasamu. Akanong'ona kwamba mimi ni binti mpole, niwaambie wageni kwamba picha ni yangu na kwamba nimefurahi imesaidia timu, kisha mchezo utaanza na kila mtu atakwenda nyumbani vizuri. Akanishika mkono akaniinua mbele ya wote.

Nilisimama. Najua ulivyonilea, ulivyonifundisha kutazama chini nikiongea na mkubwa. Nilitazama chini. Na chini pale niliona mkono wa kushoto wa Pulchérie umebandika sakafu, vidole vimetanuka.

Nikasema, "Hakuwa analia. Alikuwa anafuta jasho. Picha niliipiga mi, na sikumuuliza."

Sauti ilitoka ndogo lakini ukumbi ulikuwa kimya, ikafika. Rugwiro akacheka, akaanza kuwageuzia kwa Kingereza kitu kingine, kwamba msichana ana haya. Basi nikasema tena kwa Kingereza. Nikasema tena kwa Kinyarwanda. Kumbe shule ilikuwa ya kitu fulani. Mgeni mmoja alilitazama bango, akamtazama Pulchérie, akaweka chini karatasi aliyokuwa akijipepea nayo.

Rugwiro akamwambia Jolly aanzishe mchezo. Jolly akatazama nyuma yake, akatazama bango toka juu mpaka chini kama mtu anayekagua nyama buchani. Akasema kwa sheria zake mchezaji lazima auone mpira, na kitu kikubwa hivi kinachoning'inia nyuma ya meza kinawapotezea mpira machoni. Kitolewe, au yeye anaenda nyumbani na filimbi yake. Sijui kama sheria hiyo iko. Hakuna aliyethubutu kuuliza.

Lilitolewa. Lilivyoanguka, Pulchérie alianzisha mpira kabla halijagusa sakafu.

Hatukushinda, shangazi. Tulipigwa vibaya sana, na sijawahi kuwaona wamefurahi hivyo. Rugwiro hajaomba radhi. Anasema bango liliondolewa barabarani kwa sababu ya upepo. Upepo. Amekataza nisiingie na kamera kwenye shughuli za mradi, na mimi sina shida, mazoezi si shughuli za mradi, mazoezi ni ya wenyewe. Bado nikimwona njiani damu inanipanda mpaka masikioni. Bado kuna watu wanaacha sarafu. Kulitoa bango siku moja hakulitoi vichwani mwa watu, na hilo ndilo linalonikereketa kuliko yote.

Pulchérie alilikusanya lile bango, hakuna aliyemzuia. Lile turubai ni zito, anasema halishoneki kwa sindano ya kawaida. Amelishonea mfuko wa mipira. Upande wa picha ameuweka ndani.

Nijibu, hata kwa mstari mmoja.

Yasmina


Kahama, 22 Septemba 2024

Yasmina mwanangu,

Waaleykum salaam. Tuko wazima. Ugonjwa haukuwepo.

Barua yako ya Agosti ilinikasirisha. Niliiweka chini ya mashine ya kuchapishia nikasema huyu mtoto tumempa kamera amepata pembe. Kila nikiinua karatasi naiona. Halafu nikawa naitoa picha peke yake bila barua, naitazama, naificha mteja akiingia. Mimi, naficha picha dukani kwangu.

Umeniuliza kama ningeifuta. Ningeifuta. Nisingefikiria hata mara mbili, ningebonyeza huku naongea na mtu. Na kusema kweli wiki hizi nimekuwa nikiwaza ni nyuso ngapi nimefuta za watu waliokuwa wakicheza ngoma kwenye harusi zao wenyewe, nami niko pembeni nakunywa maji.

Ya Jumamosi nimeisoma mara nyingi. Nimemsomea baba watoto, akauliza kama huyu ni Yasmina yule yule wa kwenye simu.

Utaratibu wangu sitaubadilisha wote, nina duka la kuendesha. Ila kipande kimoja nimekibadilisha. Juzi alikuja mama mkwe mmoja kuchagua picha, nikamwambia bi harusi aje naye. Ameondoka amenuna.

Sasa sikiliza. Ile picha nimeikuza. Imetoka nzuri, chenga na yote. Nimeifunga kwenye fremu na kuitundika dirishani katikati ya maharusi wangu, ikitazama barabara. Ilikaa kama dakika ya kumeza mate. Kisha nikakumbuka kwamba fundi aliiruhusu ije kwangu tu, hakuiruhusu ije Kahama nzima. Nikaigeuza ikatazama ukuta. Imekaa hivyo hivyo mpaka leo, mgongo wa fremu nje, watu wananiuliza nimepata msiba gani.

Muulize. Akikataa naishusha, na sitauliza sababu.

Shangazi yako,
Kaltumu


Gisenyi, 6 Oktoba 2024

Shangazi yangu,

Asalaam aleykum. Wazima wote, goti pia. Hakimu anapiga honi nje, kwa hiyo naandika nimesimama.

Nilimsomea Pulchérie barua yako akiwa anakata suruali ya mteja. Hakuacha kukata. Aliniambia nisome tena pale penye kuigeuza ukutani. Nikasoma. Akakata mpaka mwisho wa mstari wa chaki, akaweka mkasi chini.

Amesema igeuze, itazame barabara. Na chini yake usiandike neno lolote.

Mtoto wako,
Yasmina